Soksi za Nangobi kwenye Barabara ya Busiu

Proscovia Nangobi alifika wa kwanza miongoni mwa wanawake, na hilo hakuna aliyelibisha. Watu wa Mbale waliojipanga kandokando ya barabara walimwona. Askari wenzake waliotangulizwa uwanjani kupika walimwona. Wakubwa wa Kampuni yao ya ulinzi, waliokaa chini ya turubai wakinywa soda, nao walimwona. Alivuka utepe, akashika magoti, akavuta pumzi, kisha akasimama wima akingoja kuvishwa medali kama walivyovishwa wanaume waliomtangulia.

Badala ya medali akaja Afande Wamboga na kifimbo chake.

Huyu Wamboga ndiye mkuu wa mafunzo wa Kampuni, mstaafu wa jeshi mwenye masharubu yaliyopunguzwa kwa uangalifu, ambaye Kiswahili chake, kama cha wengi waliokiokota kambini, kimejaa amri na kina uhaba wa maneno ya kuomba. Alipenyeza ncha ya kifimbo chini ya upindo wa suruali ya Nangobi, akaunyanyua taratibu hadi kifundo cha mguu kikawa wazi mbele ya umati, kama mtu akaguaye kwato za ng'ombe mnadani.

"Soksi gani hii?"

"Soksi za kukimbilia, Afande."

"Mimi nauliza, ni soksi ya Kampuni?"

"Hapana, Afande."

"Basi wewe hapana kimbia leo. Wewe umekuja kutembea." Akamgeukia karani. "Toa jina yake."

Na jina likatolewa. Aliyekuwa wa kwanza akawa si wa kwanza wala wa mwisho. Akawa mpita njia aliyekatiza uwanjani akiwa na jasho. Wanaume wawili kati ya wale waliovishwa medali walikuwa wamekimbia bila soksi kabisa, na hakuna aliyeinua suruali zao.

Medali yenyewe ilikuwa bati lililopakwa rangi, na Nangobi hakuililia. Alililia kilichofungamana nayo. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza tangu Kampuni ianze kulinda maghala na mabenki kutoka Jinja hadi Mbale, wakubwa walikuwa wametangaza kwamba mwanamke atakayeshinda mbio za kila mwaka atakuwa mkufunzi wa makuruta wa kike. Kabla ya hapo wasichana wote walikuwa wakifundishwa na wanaume, na Nangobi aliyajua mafunzo hayo kwa mwili wake. Aliwahi kukimbizwa katika buti za mwanamume zilizojazwa magazeti. Alimwona msichana mmoja aliyeomba kupumzika kwa sababu za kike akitolewa mbele ya kikosi, na mkufunzi akizitangaza sababu zake kwa sauti huku wengine wakicheka. Msichana huyo hakurudi siku ya pili. Nangobi alirudi, akapiga moyo konde, akaapa kwamba ipo siku atasimama yeye mahali aliposimama yule mkufunzi.

Sasa nafasi ikaachwa wazi. Mwanamke aliyemfuata Nangobi kwenye utepe alikuwa akichechemea vibaya mno, na wakubwa waliona haifai kumtangaza mkufunzi asiyeweza kusimama.

Hawakujiuliza kwa nini alikuwa akichechemea.

Sababu ilikuwa miguuni mwake, na ilikuwa na nembo ya Kampuni. Soksi za Kampuni ni nyeusi, nzito, ndefu hadi karibu na goti. Zinatolewa kwa kipimo kimoja, na kipimo hicho ni mguu wa mwanamume mkubwa. Kwa kusimama langoni ndani ya buti usiku wenye baridi, zinafaa. Kwa kukimbia, ni adhabu. Kisigino cha soksi kinapanda hadi juu ya kifundo, kitambaa kinachobaki kinajikunja chini ya wayo, na mshono wa mbele, mnene kama kamba ya kiatu, unalala juu ya vidole na kuvisaga kila hatua.

Askari wa Kampuni wana dawa yao ya jambo hili, waliyorithi kwa waliokuwa jeshini: huchukua kipande cha sabuni ya mche, ile ya kufulia, wakaipaka ndani ya soksi ili mguu uteleze badala ya kusagika. Mahali pakavu dawa hiyo inasaidia kiasi. Lakini mbio za Kampuni huanzia Busiu na kuishia Mbale, na watu wa njia hiyo wana ukarimu wao. Wakimwona mtu anakimbia juani, humpa heshima ya maji. Si ya kunywa tu. Akina mama husimama mbele ya maduka na mabeseni, vijana husimama na majerikani, na mkimbiaji humwagiwa toka utosini hadi miguuni kwa vigelegele.

Sabuni ikikutana na maji, kila mtu anajua kinachotokea.

Nangobi alikimbia hivyo mwaka wake wa kwanza. Kabla ya kufika nusu ya njia povu lilikuwa likimtoka viatuni kama chungu kinachofurika, na watoto wakikimbia kando yake wakipiga kelele, "Afande anafua! Afande anafua!" Alicheka nao kidogo, kwa sababu kweli ilichekesha. Kisha malengelenge yakapasuka, sabuni ikaingia kwenye nyama, na hakucheka tena. Alimaliza akiwa karibu na mkia. Kucha za vidole vikubwa ziling'oka wiki iliyofuata, na bado alipangiwa lindo kama kawaida, akasimama kwenye lango la ghala huko Nalufenya, mjini Jinja, akiwa ameegemeza uzito kwenye mguu mmoja, kisha mwingine, kama kuku aliyenyeshewa.

Ni katika kusimama huko ndipo alipoanza kuzifikiria soksi kwa dhati.

Huko Jinja, katika soko la nguo kuukuu, kulikuwa na mwanamke mmoja aitwaye Roselyn, mzaliwa wa Bungoma, mfanyabiashara aliyevuka mpaka miaka mingi iliyopita na kukaa. Alikuwa mnene, mcheshi, na Kiswahili chake kilitiririka bila kukwama. Siku Nangobi alipofika na sare yake na kuinamia rundo la soksi, Roselyn alimkagua toka kofia hadi buti.

"Unatafuta nini humo, askari? Pingu?"

"Soksi, mama."

"Soksi ni hizo, mlima mzima. Chagua uende."

Nangobi hakuenda. Aliishika moja, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa mbele, akairudisha. Akashika nyingine.

"Wewe dada, hiyo ni soksi ama ni maharagwe unachambua?"

"Naangalia mshono."

"Mshono wa nini! Soksi ikishaingia kiatuni nani anauona?"

"Kidole kinauona."

Roselyn alicheka hadi akashika kiuno, na kuanzia siku hiyo wakawa marafiki. Lakini urafiki hautengenezi soksi, na Nangobi alikosea mara kadhaa kabla ya kupata. Kwanza alichukua soksi nyeupe za pamba, za wanafunzi, kwa kuwa zilikuwa laini mkononi. Alikimbia nazo kutoka kwao Wanyange, akapanda kile kilima kinachotazama ziwa, akashuka kuelekea mjini. Kabla hajafika lindoni pamba ilikuwa imekunywa jasho lote na kugeuka tambara la kudekia, na ngozi ya wayo ilikuwa nyeupe na laini, tayari kuchunika. Akajaribu nailoni nyembamba. Hizo hazikushika jasho hata kidogo, lakini miguu iliiva ndani yake kama matoke, ndizi za kupika, zilizofungwa kwenye majani. Akajaribu za wachezaji mpira, zikamkaba mashavu ya miguu na kuteleza kisiginoni. Halafu akafanya kosa kubwa kuliko yote. Alipata jozi nzuri kabisa, ila ilimzidi kipimo, akajiambia kwamba kulegea ndiko kustarehe. Mkunjo mmoja tu, mdogo, ulimchoma katikati ya wayo hadi akavua viatu na kumalizia njia pekupeku.

"Kwani wewe ni Cinderela?" Roselyn alimuuliza alipozirudisha. "Mguu wako unakataa kila kitu. Nikuletee bwana badala yake? Bwana huvumiliwa hata akikunjamana."

"Bwana sikimbii naye, mama. Lete soksi."

Zililetwa hatimaye, ndani ya robota lililofunguliwa asubuhi moja ya mvua. Zilikuwa za kijivu, na kisigino cha rangi ya chungwa. Kitambaa chake hakikuwa pamba wala nailoni tupu bali mchanganyiko mwepesi uliosukuma jasho nje badala ya kulinywa. Kisiginoni na vidoleni zilikuwa nene, juu ya mguu zilikuwa nyembamba, na katikati ya wayo zilibana kwa upole kama kiganja cha mtu mwenye huruma. Mshono wa mbele ulikuwa bapa. Na kila moja ilikuwa na mguu wake: ya kulia haikuvalika kushoto. Nangobi alizivaa palepale sokoni, akasimama, akarukaruka. Kisigino cha soksi kilikaa juu ya kisigino cha mguu na hakikusogea.

"Zipo nyingine?" aliuliza.

"Zipo jozi chache. Mbona machozi?"

"Mvua hiyo, mama."

Alizichukua zote. Alijifunza kuzifua kwa mkono, ndani nje, na kuzianika kivulini ili jua lisizikaushe mpira wake. Mama yake, ambaye huko Wanyange maisha yake yote ameanika mukene, dagaa wa ziwani, kwenye wavu, alilalamika kwamba nyumba ile sasa inaanika soksi kuliko samaki. Alijifunza pia kutovaa jozi mpya siku ya mashindano, na kukata kucha siku kadhaa kabla. Hizo ndizo soksi alizovaa mwaka ule aliofika wa kwanza, na hizo ndizo zilizomfanya atolewe jina.

Baada ya aibu ile uwanjani wengi walidhani Nangobi atanyamaza, au ataacha kazi. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliendelea kukimbia kwenda lindoni na kurudi. Na mwaka uliofuata, ilipotangazwa kwamba nafasi ya mkufunzi ingali wazi na itashindaniwa tena, na kwamba safari hii soksi zitakaguliwa kabla ya kuondoka Busiu, aliamua kwenda kuzungumza na mwenye amri ana kwa ana.

Afande Wamboga alikuwa amekuja Jinja kukagua tawi, na mvua ya mchana ilikuwa imemkuta njiani. Nangobi alibisha hodi ofisini, akaitikiwa, akaingia. Buti za mkubwa zilikuwa zimewekwa karibu na dirisha zipate upepo. Mkubwa mwenyewe alikuwa nyuma ya meza, na miguu yake ilinyooka chini yake mbele ya macho ya mgeni.

Nangobi alipiga saluti, macho yakashuka yenyewe. Mtu aliyechambua soksi mwaka mzima hawezi kujizuia. Soksi alizovaa mkubwa zilikuwa laini, nyeupe, mpya. Zilikuwa nene kisiginoni na nyembamba juu. Mshono bapa. Kwenye ncha ya kila moja palifumwa herufi ndogo ya kuonyesha hii ni ya mguu gani. Nembo ya Kampuni haikuwepo popote.

Wamboga aliirudisha miguu chini ya kiti.

"Sema."

"Afande, naomba kuzungumza juu ya soksi za mbio. Zile tunazopewa ni za buti, na kipimo chake ni cha mwanamume. Kila mwaka wanawake wanaumia. Naomba turuhusiwe kuvaa zinazotutosha."

"Askari haombi soksi. Askari anapewa soksi."

"Na zikimuumiza, Afande?"

"Zikiumiza, anazoea. Mimi nilizoea."

Nangobi alitazama chini ya meza, akatazama buti dirishani, akatazama ukuta. Maneno yalimjaa kinywani akayameza, kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa na hapakuwa na shahidi. Akapiga saluti nyingine, akatoka.

Roselyn alipopata habari za kukataliwa huko, alikuja na njama yake siku hiyohiyo.

"Si ni rahisi? Vaa zako ndani, juu yake vaa za Kampuni. Mzee atainua suruali ataona nyeusi, atafurahi, maisha yataendelea."

Nangobi alilijaribu wazo hilo kwa haki. Raba zilimbana hadi vidole vikafa ganzi, na uzito wa soksi ya juu, ikiloa, ukavuta ile ya ndani na kuikunja. Lakini hata kama raba zisingembana, alikwisha kulikataa moyoni.

"Mama, mimi nataka kwenda kuwafundisha wasichana," alimwambia Roselyn. "Nikishinda kwa kuficha, nitawafundisha nini? Kuficha?"

"Utawafundisha kula."

"Kula wanajua. Nitazivaa peupe, na atakayezikataa azikatae peupe."

"Haya," Roselyn alisema, na mara hiyo hakutania. "Basi beba jozi moja kavu ya kubadilisha. Usije ukarudi huku na homa ya miguu, nikakosa mteja."

Siku ya mbio, Busiu iliamka mapema. Ndizi zilikuwa zikipakiwa, teksi zikipiga honi zikitafuta wa kwenda Tororo, na katikati ya shughuli hizo askari wa Kampuni walijipanga mistari miwili, wanaume mbele, wanawake nyuma. Kipande cha sabuni ya mche kilikuwa kikipitishwa kutoka mkono hadi mkono kama chumvi mezani. Brigid, askari wa tawi la Jinja na mcheshi wa kikosi, alimpa Nangobi kipande chake.

"Chukua, dada. Ukishindwa mbio, angalau utakuwa umefua."

"Asante. Mwaka huu nimefua nyumbani."

Kando yao alisimama Swabrah, wa tawi la Mbale, kilemba chake kimekazwa vizuri chini ya kofia. Baada ya Nangobi hakuna mwanamke aliyekuwa na mbio kama zake, na wote waliokuwa mstarini walijua kwamba kama jina la Nangobi lingetolewa tena, nafasi ingekuwa ya Swabrah. Alipaka sabuni yake bila furaha.

Wamboga alipita na kifimbo akiinua suruali moja baada ya nyingine. Nyeusi, nyeusi, nyeusi. Akafika.

"Tena wewe."

"Tena mimi, Afande."

"Vua."

"Nikivua nitaumia, Afande. Sivui."

Wamboga alitazama huku na huku; wachuuzi wa Busiu walikuwa wameanza kusogea kusikiliza.

"Kimbia ukitaka," alisema mwishoni. "Barabara ni ya serikali. Lakini hapana hesabiwa. Umesikia? Wewe leo ni raia."

"Nimesikia, Afande. Raia naye ana miguu."

Filimbi ikalia.

Mbio zake siku ile zilikuwa za mtu aliyekwisha kulipia kila kitu. Hakuwa na medali ya kuogopa kuipoteza. Mlima Wanale ulikuwa mbele yake, ukuta wa mawe na maporomoko membamba ya maji yakiuchora michirizi meupe, nao ulikua kadiri alivyokimbia. Kwenye maduka ya kwanza akina mama walimmwagia maji, akaloa chapachapa. Soksi zikalowa pamoja naye, zikayatema maji baada ya hatua chache, zikaendelea kushika visigino vyake. Swabrah alikuwa bega kwa bega naye, akipumua vizuri. Kisha akawa nyuma kidogo. Kisha Nangobi hakusikia tena hatua zake.

Alichosikia ni kicheko cha watoto, "Anafua! Anafua!" Halafu kicheko kikakatika ghafla, na sauti ya mwanamke ikasema, "Bambi!" kwa huruma ya kweli.

Nangobi aligeuka. Swabrah alikuwa ameketi juu ya kalavati, povu jekundu likimtoka kiatuni.

Kama alikuwa na sekunde ya kusita, hakuitumia. Alirudi, akapiga goti, akafungua kamba za kiatu. Soksi nyeusi ilikuwa imekusanyika chini ya wayo kama kitambaa kilichoviringwa kuzibia chupa, na ngozi ya kisigino ilikuwa imeondoka nayo. Nangobi akaivua, akina mama wakaleta maji safi, naye akaiosha sabuni. Kisha akafungua mfuko wa plastiki aliokuwa ameufunga kiunoni, akatoa jozi kavu.

Swabrah alizitazama soksi zile za kijivu.

"Nikivaa hizo, sihesabiwi."

"Ndiyo."

"Nikibaki na hizi?"

"Utahesabiwa, ukifika. Chagua mwenyewe, dada. Mimi siwezi kukuchagulia."

"Nafasi ile ingekuwa yangu."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia ukweli."

Swabrah alishika soksi ya Kampuni kwa vidole viwili, akaikamua. Maji yalitoka meupe, kisha mekundu. Akaivua na ya pili, akazitundika zote mbili juu ya kibao cha barabara kilichokuwa karibu, nembo ikitazama magari.

"Lete," alisema. "Niliposajiliwa walinipa buti za marehemu. Leo nimechoka kuvaa vya watu."

Waliondoka pamoja. Wanawake wawili walikuwa wamewapita walipokuwa wameketi, nao waliwafikia mmoja baada ya mwingine, wakichechemea na kutoa povu. Kidonda cha Swabrah hakikupona kwa muujiza. Kilimuuma hadi mwisho, na alitukana kidogo kwa Kiswahili na kidogo kwa Kigisu. Lakini kisigino cha soksi kilikaa mahali pake na hakikumsaga zaidi, na maumivu yasiyozidi yanabebeka. Walipita mnara wa saa, wakaingia uwanjani wakiwa sambamba, wakavuka utepe mbele ya wanawake wote.

Karani hakuinua kalamu. Hakuna aliyewapigia makofi chini ya turubai. Makofi yalitoka nje ya kamba, kwa watu wa mjini, na hayo hayakuhitaji ruhusa.

Baada ya muda akatokeza Brigid, akitembea nusu na kukimbia nusu. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kati ya waliohesabiwa. Afande Wamboga akanyanyuka na medali, uso umechangamka, akaenda kumpokea. Brigid alivuka utepe, akaketi palepale kwenye nyasi, akavua kiatu na kukiinamisha. Povu likamwagika mbele ya buti za mkubwa.

"Simama uvishwe," Wamboga alisema.

"Kwanza, Afande, hii medali ni ya nini?"

"Ya mshindi."

"Mshindi gani? Wale wamefika, wamekunywa maji, mmoja ameshafunga kilemba upya. Mimi nimekuja kuwaamkia tu." Watu walicheka, na Brigid akangoja wamalize. "Na hiyo nafasi ya mkufunzi, mimi siichukui. Nitawafundisha nini wasichana wa watu? Kufua?"

Hakuna aliyepanga kilichofuata. Mwanamke aliyemfuata Brigid alifika, akaona aliyeketi, akaketi kando yake, akavua viatu. Wa nyuma yake akafanya vivyo hivyo. Kila aliyefika aliongeza miguu yake kwenye mstari, hadi mbele ya turubai kukawa na safu ya nyayo zilizochunika, vidole vyeusi, visigino vyekundu, na soksi za Kampuni zimelazwa kando ya kila mguu kama ushahidi mahakamani. Wakubwa waliweka soda chini. Mmoja wao, mwanamke aliyevaa miwani, alitoka kivulini na kupita mbele ya safu ile kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu, akiwa ameshika mdomo.

Nangobi alikuwa bado amesimama. Hakuvua viatu, kwa kuwa miguu yake haikuwa na la kuonyesha. Alisogea mbele hadi akawa kati ya safu na turubai, akanyoosha mikono ubavuni kama afanyavyo askari.

"Afande, nanyi wakubwa mlioketi kivulini," alisema. "Mwaka jana mlinyanyua suruali yangu kwa fimbo mbele ya watu, nikanyamaza. Leo sinyamazi. Hatukuja kuomba huruma. Tunalinda mali zenu kwa miguu hii. Basi futeni sharti la soksi leo, hapahapa, kabla turubai halijakunjwa. Kila askari mwanamke avae soksi inayomtosha, na kama mnataka iwe na nembo, inunueni kwa kipimo cha mguu wake na muishone nembo pasipoumiza. Msichana atakayefika kwenu akisema anaumia, asitangazwe kikosini, aaminiwe. Na nafasi ya mkufunzi mpeni mmoja kati yetu wawili tuliotangulia. Mkimpa Swabrah, nitakuwa wa kwanza kumpigia saluti. Lakini msiiache wazi tena, kwa sababu haiko wazi. Ina wenyewe, nao wamesimama mbele yenu."

Wamboga alikuwa ameshika medali kwa utepe wake, inazunguka.

"Soksi ya Kampuni," alianza, "ni nidhamu. Mimi mwenyewe—"

"Ndiyo, Afande. Wewe mwenyewe." Nangobi alizitazama buti zake zilizong'arishwa, akaziashiria kwa kidole, mbele ya kikosi kizima na mbele ya mji wa Mbale. "Kabla hujatusomea nidhamu, vua buti hizo tuone umevaa soksi gani."